Usiniambie Imekufa, Niambie Imekwama Wapi

Kuna neno moja hapa kwetu ambalo limemaliza vifaa vingi kuliko radi. Neno lenyewe ni "imekufa." Redio ikikohoa, imekufa. Simu ikikataa chaji, imekufa. Kompyuta ya shule ikibaki na skrini nyeusi, imekufa, ifunikwe gunia, ipelekwe stoo. Na ikishafika stoo hiyo imezikwa. Hakuna anayerudi kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

Leo nataka kubishana na hilo neno, na ushahidi wangu ni bodi 16 za kompyuta ambazo zilikuwa zimebakisha siku nne ziuzwe kama chuma chakavu. Kama wewe si mtu wa kompyuta, usihepe, nitaenda pole pole. Kama ni mtu wa kompyuta, vumilia tu, kwa sababu kuna sekunde tano humu ndani ambazo huenda zinakusumbua hata wewe.

Kwa wageni: mimi natengeneza video za ufundi kutoka Gesima, upande wa Nyamira, ukishatoka Keroka. Chuo niliachia mwaka wa pili karo ilipogoma. Hiyo stori wengi mshaisikia, sirudii. Naitaja kwa sababu kuna mahali itaingia.

SHULE, KADI NA MVUA

Kuna shule ya sekondari ya kutwa si mbali na hapa, jina naliacha. Wahisani waliwaletea bodi 16 za Raspberry Pi 3 Model B. Raspberry Pi ni kompyuta nzima yenye ukubwa wa kadi ya ATM. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012, nia ikiwa watoto wajifunze kuandika programu bila kuuza ng'ombe. Hii 3 Model B ilitoka 2016. Ina memori ya gigabaiti 1 na haina diski. Linux yake yote inakaa kwenye memori kadi ndogo kama ile ya simu.

Ugonjwa ulianzia hapo kwenye kadi. Mnaijua mvua yetu. Ikifika alasiri, wingu linashuka juu ya majani chai, radi inapiga, stima inaenda. Inarudi. Inaenda tena. Sasa kadi ikikatiwa stima wakati inaandikwa, mafaili yanavurugika, na siku inayofuata bodi haiwaki. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ananunua kadi mpya kila muhula mpaka mfuko ukalia.

Akapata wazo, na nampa sifa zake kwa sababu ni wazo zuri: aachane na kadi. Bodi zote ziwake kupitia waya wa mtandao, zichukue kila kitu kutoka kwa kompyuta moja kubwa ambayo iko na UPS. Stima ikipotea, seva haizimi ghafla, mafaili yako salama, bodi zikirudi zinaanza upya. Huku kuwaka kwa njia ya waya ndiko sisi mafundi tunaita kubuti kwa mtandao.

Wakaita fundi mmoja. Akavuta kebo, akaweka seva, akafunga swichi ya mtandao, lile sanduku la milango 24. Akawasha. Skrini 16, zote nyeusi tii. Alihangaika siku mbili kisha akaandika ripoti ya mstari mmoja: bodi zimekufa, zinunuliwe zingine. Chini yake bei: shilingi 210,000.

BOM ilikuwa ikutane Ijumaa. Ajenda ilikuwa chumba cha kompyuta kigeuzwe stoo ya vitabu na hizo bodi ziuzwe. Na kulikuwa na wanafunzi 11 wa Form Four wenye projekti ya somo la Kompyuta, ile karatasi ya tatu ya KCSE. Hiyo karatasi haikaririwi. Lazima uketi mbele ya mashine uunde mfumo, uujaribu, uandike ripoti yake. Bila maabara, hao watoto wangeenda kulipia saiba Keroka kwa saa, na si wote wana hiyo pesa.

Mwalimu alinipigia Jumatatu asubuhi. "Kijana, nasikia uko na mkono wa hivi vitu. Kuja uangalie kabla hatujaaibika."

"Mwalimu, nipe mpaka Alhamisi."

BODI HAIKO KIMYA

Kabla hujagusa kitu, elewa kwanza bodi inafanya nini ikiwashwa. Ichukulie kama kijana aliyeshuka stage ya Keroka mara ya kwanza, hana simu, hana pesa, hajui mtu.

Hatua ya kwanza, anapaza sauti: "Kuna mtu anayeweza kunipa namba na kunielekeza nimfuate nani?" Hiyo ni DHCP. Seva ikimsikia, inampa anwani ya IP na kumwambia mzigo wake uko wapi.

Hatua ya pili, anaenda kuchukua mzigo. Hiyo ni TFTP, kanuni ya mwaka 1981, imenizidi umri mbali sana. Katika muundo wake wa asili inapeleka mafaili kwa vipande vya baiti 512. Kipande kimoja kinakuja, bodi inasema "nimepata," ndipo cha pili kinatumwa. Faili ya megabaiti 5 ni karibu vipande 10,000 vya kupokezana hivyo, kama watu wanaopitishiana matofali.

Hatua ya tatu, kerneli, yaani moyo wa Linux, inaamka kutoka kwa ule mzigo.

Hatua ya nne, kerneli inatafuta nyumba ya kuishi. Kwa kuwa hakuna kadi, nyumba iko kwenye seva, na inaingia kwa njia ya NFS, ambayo kampuni ya Sun Microsystems ilianza kuitumia 1984 kwa kompyuta zisizo na diski, shida ile ile yetu.

Sasa angalia. Hatua ya kwanza na ya pili zikishindwa, macho yako yanaona kitu kimoja tu: skrini nyeusi. Kwa hiyo mtu anayetazama skrini peke yake hawezi kujua ni hatua gani. Lakini waya unajua. Bodi inapiga kelele kwenye waya muda wote huo, ila hakuna aliyetega sikio.

Kutega sikio ni bure. Kwenye seva unaandika `tcpdump -i eth0 -e` na unaona kila neno linalopita. Ukitumia dnsmasq, ambayo inafanya kazi ya DHCP na ya TFTP pamoja, ongeza mstari wa `log-dhcp` kwenye mipangilio yake nayo itaanza kukuandikia nani ameomba nini. Bodi za Pi 3 utazijua kwa anwani zao za kadi ya mtandao, zinaanza na b8:27:eb.

JUMATATU: KUFULI NA NYUMBA

Kitu cha kwanza nilichopima ni kufuli. Pi 3 Model B ikitoka kiwandani haibuti kwa mtandao hata uiombe vipi. Lazima uiwashe mara moja kwa kadi ya kawaida yenye mstari `program_usb_boot_mode=1` ndani ya faili ya config.txt. Hapo inachoma alama ndani ya chipu yenyewe, na hiyo alama haifutiki tena. Ukitaka kuhakikisha, andika `vcgencmd otp_dump | grep 17:` na inafaa ijibu 17:3020000a.

Bodi 7 kati ya 16 zilikuwa hazijachomwa. Saba! Hizo zilikuwa zinasubiri ruhusa tu. Nilizichoma moja moja kwa kadi moja.

Kisha nikatoa kila kitu cha katikati. Bodi moja, kebo moja, moja kwa moja mpaka kwa seva. Hii ndiyo kanuni ninayowapigia kelele kila wiki: punguza vitu mpaka vibaki viwili. Nikawasha, nikatazama waya. Bodi ikaita. Seva ikajibu. Mzigo ukaanza kupita. Hapo mwalimu akavuta kiti akaketi kando yangu bila kusema neno.

Ndani ya logi utaona mistari mingi ya "faili halipo." Usitishike. Pi inatafuta kwanza ndani ya folda yenye namba yake ya serial, ikikosa inarudi kwenye folda kuu. Hayo ni maswali ya kawaida. Na ni kitu kizuri, kwa sababu unaweza kuipa kila bodi folda yake na maagizo yake.

Kerneli ikaamka, maandishi yakajaa skrini, kisha ikagonga ukuta: `VFS: Unable to mount root fs via NFS`. Yaani nimefika, lakini mlango wa nyumba haufunguki. Mwalimu akashika kichwa. Mimi nilifurahi, kwa sababu bodi "maiti" ilikuwa imepita hatua tatu na sasa inalalamika kwa sentensi nzima.

Shida ilikuwa lugha. Ile kerneli, usipoiambia toleo la NFS, inabisha hodi kwa toleo la 2, tena kwa UDP. Seva mpya za Linux zimeacha kuongea hiyo lugha ya kizamani. Dawa ni maneno machache kwenye cmdline.txt ya bodi:

`root=/dev/nfs nfsroot=192.168.10.1:/nfs/bodi01,vers=3,tcp rw ip=dhcp rootwait`

Bodi ya kwanza ikafika mpaka mahali pa kuandika jina na nywila. Kufikia jioni nilikuwa nimezipima zote kwa kebo ya moja kwa moja. Kumi na nne zikafika mwisho. Mbili hazikuwasha hata taa ya tundu la mtandao.

JUMANNE: SEKUNDE TANO

Jumanne nikairudisha ile swichi kubwa katikati. Bodi ile ile, kebo ile ile, seva ile ile iliyokuwa inafanya kazi jana.

Kimya. Hakuna DHCP, hakuna b8:27:eb, hakuna kitu. Isipokuwa kila baada ya sekunde 2 kulikuwa na kijipakiti kifupi kutoka kwa swichi yenyewe, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani.

Nikaweka swichi yangu ndogo ya milango 5, ile ya elfu moja na mia tano. Bodi ikawaka. Nikarudisha kubwa. Kimya. Kwa hiyo ni swichi kubwa, si ndiyo? Mwalimu akanionyesha kitu: akachomeka laptopu yake kwenye swichi hiyo hiyo kubwa, na laptopu ikapata mtandao vizuri kabisa.

Hapa ndipo hukumu ya mwanzo ilipotoka, na naielewa. Laptopu inapata, bodi hazipati, basi swichi ni nzima na bodi ni mbovu. Inasikika kama akili timamu.

Kulikuwa na binti mmoja wa Form Three aliyekuwa akinishikia kebo. Akasema, "Fundi, hii ndogo taa yake inakuwa kijani mara moja. Hii kubwa inakaa rangi ya machungwa mpaka nihesabu thelathini."

Nikamwambia arudie, mimi nikashika saa ya simu. Machungwa, machungwa, machungwa, kijani. Sekunde 30. Tukabadilisha mlango. Sekunde 30. Mlango mwingine. Sekunde 30. Na hapo zile tik, tik za kila sekunde 2 zikaeleweka.

Mwaka 1985, Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni kanuni inayoitwa STP. Shida aliyokuwa anaitibu ni hii: mtu akiunganisha swichi mbili kwa kebo mbili bila kujua, habari zinaanza kuzunguka, zinazaana, na ndani ya muda mfupi mtandao wote unazama. Kwa hiyo swichi zenye STP zinasalimiana kila sekunde 2 kujua nani yuko wapi, na kebo mpya ikichomekwa, mlango haufunguliwi papo hapo. Swichi inasikiliza sekunde 15, halafu inajifunza sekunde 15, ndipo inaruhusu watu kupita. Jumla 30. Kanuni hiyo iliandikwa rasmi kama 802.1D mwaka 1990 na imeokoa mitandao mingi sana.

Sasa upande wa bodi. Wenye Raspberry Pi wenyewe wameandika wazi kwenye maelezo yao kwamba Pi 3 Model B inaita DHCP mara tano, sekunde tano kati ya kila mwito, jumla sekunde 25. Ikikosa jibu, inalala. Haiiti tena mpaka uizime na kuiwasha.

Weka hizo namba mbili kando kwa kando. Bodi inanyamaza sekunde ya 25. Mlango unafunguka sekunde ya 30. Kijana wetu wa Keroka amegonga mlango mara tano, amechoka, amelala kwenye ngazi, kisha sekunde tano baadaye mwenye nyumba anafungua, anaangalia barabarani, haoni mtu, anafunga. Laptopu ilipata kwa sababu laptopu haichoki, inaendelea kuita.

Sekunde tano. Bei yake ingekuwa shilingi 210,000 na projekti 11.

Na ukitafuta wa kulaumu hutapata. Swichi ilifanya kazi iliyoundwa kufanya. Bodi pia. Kila mmoja ukimpima peke yake ni mzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kukutana kwao, na ugonjwa wa aina hiyo hauonekani ukipima kifaa kimoja kimoja na kukitangaza kizima au maiti.

DAWA MBILI

Dawa ya kwanza haitaki hata kugusa swichi. Chukua memori kadi kuukuu, hata ile ya simu ya zamani, ifomati kwa FAT, weka ndani faili moja tu inayoitwa bootcode.bin, yenye kilobaiti kama 50. Bodi inaanza na hiyo, na hiyo haina ile tabia ya kukata tamaa sekunde ya 25, inaendelea kuita. Kadi yenyewe haiandikwi kitu, inasomwa tu, kwa hivyo stima ikienda hakuna cha kuvurugika. Tuliuliza wanafunzi waangalie kwenye droo za nyumbani. Kesho yake zikaja kadi 20, zingine zingali na nyimbo za Injili za mama zao. Tulizihamisha nyimbo kwanza, msiwe na wasiwasi.

Dawa ya pili ni ya kudumu: ingia kwenye swichi, uambie kila mlango wenye bodi kwamba huu ni mlango wa mwisho, nyuma yake hakuna swichi nyingine, ufungue mara moja. Ila usifanye hivyo kwenye mlango unaoelekea swichi nyingine, utakuwa umeondoa ulinzi wa Mama Perlman na mtandao utakuzamia siku moja.

Lakini kuingia kwenye swichi kulitaka nywila, na hakuna aliyekuwa nayo. Ilitoka ofisi iliyohama, ikaja bila karatasi yoyote. Niliazima kebo ya kuingilia Kisii mjini, nikairudisha swichi kwenye mipangilio ya kiwandani, nikaweka milango sawa. Alhamisi saa nane mchana tukawasha bodi 14 kwa pamoja. Zilichukua muda, maana zote zinachota kisima kimoja, lakini zikafika, moja baada ya nyingine, kama watoto wanaotoka paredi.

Na agizo moja nikaliandika kwa kalamu nene ukutani: seva kwanza, isubiri imalize kuwaka, ndipo bodi.

Zile mbili? Tundu zao za mtandao zimeungua, zilikuwa kwenye kona ambapo kebo ilipitishwa nje ya ukuta. Zinawaka vizuri kwa kadi, kwa hivyo moja inaendesha projekta na nyingine ni ya kufundishia taa na sensa. Hata hizo hazikufa. Kilichokufa ni tundu, na tunajua ni tundu.

IJUMAA

Mwenyekiti wa BOM alikuja kuona kabla ya mkutano. Mzee wa heshima, omogaka wa fimbo na kofia. Akatembea kati ya meza, akasimama nyuma ya kijana aliyekuwa anaandika projekti yake ya mfumo wa rekodi za majani chai.

"Hizi ndizo niliambiwa zimekufa?"

"Ndizo hizo, omogaka."

"Na wewe umesomea wapi?"

"Nilifika mwaka wa pili, omogaka. Karo ikakatika."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo ni bora kuliko yote niliyoulizwa wiki hiyo: "Sasa wewe ukienda, ni nani ataziamsha?"

Mwalimu akamwita yule binti wa Form Three. Alikuwa na daftari. Hatua nne, kila hatua inaonekanaje kwenye waya ikiwa nzima, inaonekanaje ikikwama, unafanya nini. Alikuwa ameandika Jumanne, Jumatano na Alhamisi bila kuambiwa na mtu. Mzee akalisoma daftari kurasa mbili nzima, akarudisha kwa mikono miwili. Chumba kikabaki maabara.

NINACHOAMINI

Moja. Wale wanaopenda kuniwekea maneno mdomoni kwamba chuo ni bure, hapana. Habari ya STP niliisikia mara ya kwanza darasani, mwaka wa pili, kabla karo haijakatika. Ningekuwa na pesa ningekuwa huko. Ninachopinga ni kuamini kwamba mtu asiye na cheti hawezi kusikiliza waya. Yule binti hana hata KCSE bado, na yeye ndiye aliyehesabu thelathini.

Mbili. Nyinyi wahisani, tunawashukuru, lakini kifaa bila nywila na bila karatasi ni zawadi ya nusu. Na tafadhali fikirieni stima yetu. Mwaka 2013 vijana wa Nairobi walitangaza BRCK, kifaa cha intaneti chenye betri ya kukaa saa 8, kwa sababu walijua stima ya huku ina tabia gani. Tangu 2016 serikali imepeleka tableti shule za msingi nchi nzima. Vifaa vinakuja. Anayejua kuvisikiliza vikikwama ndiye hajaletwa, na huyo tunaweza kumlea hapa hapa.

Tatu. Mafundi wenzangu, tuache kuandika "imekufa" kwenye ripoti. Hilo ni neno la kumaliza mazungumzo, na mara nyingi bei inakuja mstari unaofuata. Andika imefika hatua gani. "Inaita DHCP, haijibiwi." "Inapata mzigo, haipati nyumba." Ripoti ya namna hiyo hata ukishindwa wewe, atakayekuja baada yako anaanzia ulipofika.

Kwa hiyo nina kazi kwenu wikendi hii. Nenda kwenye shule uliyosoma, uombe kuonyeshwa stoo. Angalia kilicho chini ya magunia. Ukikuta bodi, itoe, ichomeke, tega sikio kwenye waya, kisha niandikie hapo chini ilifika hatua ipi. Usisahau kuhesabu taa.